Bomba la Mvua Linalovuja: Litengeneze Kabla ya Kumlaumu Jirani

NDUGU msomaji, yamkini wakati huu unaposoma ukurasa huu, ukiwa umepumzika baada ya kazi za juma zima, kuna tone la maji linaloanguka bafuni mwako. Hulisikii kwa sababu umekwisha kulizoea. Lilipoanza lilikukera usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu ukalala usingizi mnono, na tangu hapo limekuwa kama mlio wa saa ya ukutani. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Makala haya yanakusudia kukuonyesha namna ya kuuziba ufa huo kwa mikono yako mwenyewe, kwa vifaa vichache na kwa muda usiozidi ule wa kupika maharage.

Lakini kabla ya kushika spana, niruhusu nikusimulie kisa kilichonifundisha kwamba bomba linalovuja haliharibu ukuta na mfuko peke yake, bali laweza kuharibu hata ujirani.

KISA CHA NYUMBA YA VYUMBA SITA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba moja ya Kiswahili jijini Dar es Salaam. Tulikuwa wapangaji sita, kila mmoja na familia yake, na uani tulikuwa na jiko, tangi la lita 1,000 lililowekwa juu ya mnara wa matofali, na bafu moja lenye bomba la mvua la zamani. Mita ya maji ilikuwa moja. Ankara ilipofika kila mwisho wa mwezi tuliigawa kwa sita.

Miongoni mwetu alikuwako mama mmoja mpika chapati. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri, akakanda unga, akaosha vyombo vyake, na kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha kwenda kuuza mbele ya karakana moja iliyokuwa jirani. Kwa kazi hiyo aliwasomesha watoto watatu.

Basi ikatokea miezi miwili mfululizo ankara ikapanda. Zaidi ya hayo, tangi ambalo zamani lilitutosha tangu siku ya maji hadi siku nyingine ya maji, sasa likawa linakauka mapema. Tulikuwa katika kipindi cha mgao, na asiyekuwa na maji tangini ilimbidi kununua kwa ndoo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nani hutumia maji mengi? Nani huonekana penye tangi watu wote wakiwa wamelala? Kidole kikaelekezwa kwa mama mpika chapati. Kikao kikaitishwa uani, na ikapendekezwa alipe mafungu mawili ya ankara au atafute nyumba nyingine.

Mama yule hakupiga kelele. Alisema tu, “Wenzangu, mimi natumia ndoo mbili kila alfajiri. Nimezihesabu. Kama mwanizidishia, basi mnizidishie kwa hesabu, si kwa dhana.”

Katika kikao kile alikuwapo mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa amefanya kazi ya ufundi wa mitambo kwa miaka mingi. Aliinuka bila kusema neno, akaingia bafuni na chupa tupu ya lita moja na saa yake ya mkononi. Aliposimama pale kwa muda, alituita tuingie mmoja mmoja.

Maji yalikuwa yakitoka katika bomba la mvua kwa mkondo mwembamba kama uzi. Yalikuwa yakiteremka kimya kimya ukutani, yakaingia katika tundu la maji machafu, wala hakuna aliyeyatilia maanani. Sote tulikuwa tukioga humo kila siku. Sote tulikuwa tumeuona uzi ule. Chupa ikajaa kwa dakika tano.

“Kijana wangu,” mzee akaniambia, “wewe ndiye uliyekuwa ukiandika mahesabu ya ankara. Haya, hesabu.”

Nikahesabu. Lita moja kwa dakika tano ni lita 12 kwa saa. Kwa siku moja, usiku na mchana, ni lita 288, yaani ndoo 14 na ushee za lita 20. Tangi letu la lita 1,000, hata kama hakuna mtu aliyechota tone moja, lilikuwa likimalizwa na uzi ule kwa muda wa siku tatu na nusu hivi. Kwa mwezi wa siku 30, iwapo maji hayakukatika, ni lita 8,640. Na kwa kuwa uniti moja ya maji ni lita 1,000, hizo ni uniti nane na zaidi, ambazo sisi tulitaka kumtwisha mtu mmoja aliyekuwa akitumia ndoo mbili.

Hapana aliyesema neno kwa muda. Kisha mzee akauliza kama kuna mwenye bisibisi.

PIMA KWANZA

Fundisho la kwanza la kisa hiki ni kwamba kupima huja kabla ya kulaumu, na kabla ya kutengeneza pia. Nawe, ndugu msomaji, fanya kama alivyofanya mzee yule. Funga koki ya bomba lako la mvua kama ufungavyo siku zote, kisha subiri nusu saa. Kusubiri huku kuna maana yake: mara baada ya kuoga, maji kidogo hubaki ndani ya kile kinyunyizio chenye matundu na hudondoka yenyewe kwa dakika kadhaa. Hayo si mavujo. Kama baada ya nusu saa matone bado yanaanguka, basi koki yako ni mbovu.

Weka chombo ambacho ujazo wake unaujua, utazame saa. Usidharau matone. Bomba linalojaza lita moja kwa saa nzima huonekana kuwa si kitu. Walakini hizo ni lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi, na lita 8,760 kwa mwaka. Ni ndoo 438 za lita 20. Mfikirie mtu anayebeba ndoo kichwani, kisha mwambie abebe ndoo 438 na kuzimwaga barazani.

Na tukumbuke maji hayo yametoka wapi. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni katika milima ya Uluguru. Huvutwa na mitambo ya Ruvu Juu, iliyoko Mlandizi, na Ruvu Chini, iliyoko upande wa Bagamoyo, yakasafishwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa kwa pampu kilomita nyingi hadi jijini. Mwezi Oktoba 2022, ukame ulipokipunguza kina cha mto huo, wakazi wa jiji walitangaziwa mgao. Tone linaloangukia katika tundu la bafu lako limekwisha kulipiwa safari ndefu.

KOKI HUFANYAJE KAZI?

Kifaa chochote ukikielewa hakikutishi. Koki ya zamani, ile ambayo huifunga kwa kuizungusha mara mbili tatu, ni kifaa chepesi mno. Aina hii ya koki ilianza kutengenezwa huko Rotherham, Uingereza, mwaka 1845, na umbo lake la ndani halijabadilika sana tangu hapo.

Ndani ya mwili wa koki, ambao umeungwa na bomba la ukutani, mna tundu la mviringo lenye ukingo laini. Ukingo huo huitwa kiti. Juu ya kiti husimama shina la shaba lenye msokoto kama wa parafujo, na katika ncha ya shina hilo pamefungwa kipira kidogo cha duara, ambacho mafundi wengi hukiita washa. Unapozungusha mshikio kwenda kulia, shina huteremka na kukikandamiza kipira juu ya kiti, nayo maji hukosa njia. Unapozungusha kwenda kushoto, kipira huinuka na maji hupita.

Basi maradhi ya koki hii ni matatu tu, na kila moja lina dalili yake.

Maji yakidondoka kwenye kinyunyizio ilhali koki imefungwa, kipira kimechakaa au kiti kimechimbika. Haya ndiyo maradhi ya mara nyingi.

Maji yakichuruzika kuzunguka shina, chini ya mshikio, wakati koki imefunguliwa, basi nyuzi zinazozuia maji kupanda juu ya shina zimekauka au kukatika.

Maji yakitokeza ukutani penyewe, rangi ikabanduka na ukuta ukafanya ukungu, basi bomba lenyewe limetoboka ndani ya ukuta. Hayo ya tatu ni kazi ya fundi, wala si ya makala haya.

Kama una koki mbili, ya maji moto na ya maji baridi, zinazolisha kinyunyizio kimoja, zifunge moja moja huko zinakotoka ili ujue ipi ndiyo mgonjwa. Si haki kumpasua mzima.

VIFAA VYA KUANDAA

Utahitaji bisibisi moja, spana ya kurekebisha mdomo, koleo, kisu butu, kitambaa, tochi, tepu nyeupe ya mabomba, na kipira kipya. Koki nyingi za mabafu yetu ni za nusu inchi. Hata hivyo usiende dukani ukiwa na maneno matupu. Fungua kwanza, utoe kipira cha zamani, ukipeleke dukani kama mfano. Kama nyumba ina maji moto, mwambie muuzaji, kwa kuwa vipo vipira visivyostahimili joto. Nunua viwili: kimoja cha leo, kingine cha akiba. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na ankara uliyokwisha kuilipa.

Wapo wanaokata kipira kutoka katika kandambili iliyokwisha au mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa usiku mmoja wa dharura, wakati maduka yamefungwa, hatuwezi kuwalaumu. Lakini mpira wa kandambili ni laini kupita kiasi. Hubonyea na kuchanika, na baada ya siku chache uzi wa maji hurudi tena. Ujanja ulio bora wakati wa dharura ni huu: kitoe kipira cha zamani na ukigeuze, upande uliokuwa juu utazame chini. Mara nyingi upande huo bado ni mzima, nao utakufikisha hadi asubuhi.

KAZI YENYEWE

Kwanza, funga maji. Kama bafu linalishwa na tangi, funga koki iliyo chini ya tangi. Kama linalishwa na bomba la mtaani, funga koki kuu ya nyumba yako. Koki kuu ambayo haijaguswa kwa miaka huwa imeganda. Izungushe polepole, mbele na nyuma, wala usiilazimishe, maana ikivunjika utakuwa umebadilisha tone kwa mafuriko. Kama mnaishi wengi, waarifu wenzenu ili asiwepo mtu mwenye sabuni machoni. Kisha fungua bomba lililo chini kabisa ndani ya nyumba, maji yaliyobaki yaishe.

Hapa pana onyo kubwa. Kama bomba lako la mvua lina kifaa cha kuchemshia maji kwa umeme, zima umeme huo katika swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Na kama umewahi kushtuliwa hata kidogo ulipogusa koki wakati unaoga, weka spana chini na umwite fundi umeme siku hiyo hiyo. Umeme na maji havisameheani na mwanadamu.

Pili, ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa, na utandike gunia sakafuni. Skrubu ya mshikio ni ndogo, na ikiingia katika tundu hilo hutaiona tena.

Tatu, toa mshikio. Katikati yake kuna kifuniko kidogo, aghalabu chenye alama nyekundu au buluu. Kibandue kwa ncha ya kisu. Chini yake utaikuta skrubu. Ifungue, kisha uvute mshikio utoke. Kama umegoma, usichukue nyundo. Hili ndilo kosa wanalolifanya wengi: pigo moja la nyundo hulegeza kiungo kilichomo ndani ya ukuta, na hapo ndipo kazi ya jioni moja inapogeuka kuwa kazi ya kuvunja ukuta. Loweka kitambaa katika siki au maji ya limau, kizungushie mshikio kwa nusu saa, chumvichumvi iliyoganda italainika. Kama tatizo ni kutu, dondoshea mafuta ya taa kidogo na uyaache yapenye. Subira ni spana isiyouzwa dukani.

Nne, ondoa kikombe kinachofunika shina. Aghalabu hufunguka kwa mkono. Kikikataa, kivike kitambaa ndipo ukishike kwa koleo, ili usikikwaruze.

Tano, rudisha mshikio kwa muda na ufungue koki nusu, kana kwamba unataka maji. Jambo hili wengi hawalijui. Kwa kufanya hivyo unakiinua kipira kutoka katika kiti, na kichwa cha koki kitatoka bila kukazana. Ondoa mshikio tena, shika kichwa cha koki kwa spana, uzungushe kinyume cha mwendo wa saa. Kama mwili wa koki umetokeza nje ya ukuta, ushike kwa koleo kwa mkono wa pili, ili nguvu za spana zisizungushe bomba lililo ndani.

Sita, tazama ncha ya shina. Hapo ndipo mkosaji alipo. Kipira kibovu utakiona kimechorwa mfereji wa duara, au kimekuwa kigumu kama jiwe, au kimemeguka upande. Kingine hushikwa na nati ndogo, kingine huchomekwa tu. Kitoe, kisha uweke kipya cha kipimo kilekile.

Saba, na hili usilisahau, chunguza kiti. Mulika kwa tochi ndani ya mwili wa koki, kisha pitisha kidole polepole juu ya ukingo. Ukiwa laini, vyema. Ukihisi kovu au mchimbo, basi hata ukiweka kipira kipya kila mwezi bomba litaendelea kuvuja. Kiti kilichochimbika kidogo mafundi hukisaga kwa kifaa maalumu hadi kiwe laini tena. Kilichochimbika sana hudai koki mpya.

Nane, kabla ya kurudisha kichwa, mtume mtu akaifungue koki kuu kidogo tu, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, kisha aifunge. Jitenge pembeni. Maji yatakayotoka yatasukuma nje mchanga na kutu iliyojikusanya. Chembe moja ya mchanga ikibaki juu ya kiti, itakitafuna kipira chako kipya.

Tisa, kama shina lilikuwa likivuja chini ya mshikio, fungua nati yake ndogo ya juu, toa nyuzi kuukuu, kisha zungushia nyuzi mpya za pamba au tepu ya mabomba iliyosokotwa kama uzi, ukifuata mwendo wa saa. Kaza nati mpaka maji yasipite, lakini shina liendelee kuzunguka bila kukwama. Usipake mafuta ya kujipaka kwenye kipira. Mafuta hayo huulainisha na kuuvimbisha mpira.

Kumi, rudisha kila kitu kwa utaratibu ule ule uliofungulia. Shina liwe limefunguka nusu unapokaza kichwa, kisha ndipo ulifunge. Fungua koki kuu polepole, acha upepo utoke, ukatazame. Subiri tena nusu saa, weka chombo chako, uone.

MBONA KIPIRA HUCHAKAA?

Zipo sababu mbili ambazo sisi wenyewe twaweza kuzizuia.

Ya kwanza ni kukaza kupita kiasi. Mtu akiona koki inadondosha, huikaza kwa nguvu zote za kifua. Siku ya pili huongeza nguvu. Kipira kilichochakaa hakiponi kwa kubanwa. Hukatika upesi zaidi, na hatimaye shaba hugusana na shaba na kiti huharibika. Koki nzima hufungwa kwa vidole vitatu. Ukiona watoto nyumbani wanashindwa kuifunga, jua kwamba koki inaomba msaada.

Ya pili ni mchanga. Maji yanaporudi baada ya kukatika, huja na matope na kutu kutoka katika mabomba. Mwenye kukimbilia kuoga mara moja huyapitisha matope hayo katika koki ya bafu. Yafaa kwanza kufungua bomba la chini, la uani, na kuyapokea maji ya mwanzo katika ndoo hadi yatoke safi. Maji hayo machafu usiyamwage ovyo. Yatamwagilia mchicha au kuosha sakafu.

Aidha, msomaji mwenye koki za kisasa, zile zinazofunguka kwa kuzungushwa robo tu, asitafute kipira cha aina hii ndani yake. Nyingi za hizo hufunga kwa visahani viwili vigumu vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Zikivuja, husafishwa au hubadilishwa moyo wake mzima, na kila kampuni ina umbo lake. Hapo napo sheria ni ileile: peleka mfano dukani.

KAZI YA NANI?

Katika nyumba nyingi mambo ya spana huachiwa baba, na baba huyaahirisha hadi Jumapili ijayo, ambayo haifiki. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi kumi inayodai misuli ya mbeba mizigo. Zinadai jicho na utulivu. Mama anayeweza kuitengeneza cherehani yake, au binti anayeweza kufungua na kufunga baiskeli, aweza kuitengeneza koki. Waite watoto, wa kike na wa kiume, washike tochi na kuhesabu skrubu. Aliyekwisha kukiona kiti na kipira kwa macho yake hatakaza tena koki kwa nguvu za kifua.

Na kwa mpangaji neno moja zaidi: kabla ya kufungua, mwarifu mwenye nyumba. Si kwa kuogopa, bali kwa sababu bomba ni mali yake, na gharama ya kipira kipya si kitu cha kugombania. Wenye kugawana ankara moja wakubaliane tangu mwanzo kwamba mavujo ni jukumu la wote, na kwamba yeyote atakayeona uzi wa maji atautangaza siku hiyo hiyo.

Sisi wa nyumba ya vyumba sita hatukuwa tumekubaliana hivyo, na tulijifunza kwa aibu. Jioni ile mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa bafu, akanielekeza hatua moja baada ya nyingine, mimi nikiwa na spana na mtoto wa kwanza wa mama mpika chapati akiwa na tochi. Kipira tulichokitoa kilikuwa kimemeguka nusu nzima. Nilikipeleka dukani mkononi, nikarudi na viwili.

Maji yalipofunguliwa tulisubiri. Chupa ilikaa chini ya kinyunyizio hadi baada ya chakula cha usiku, na ilipotazamwa ilikuwa kavu. Mwezi uliofuata ankara ilishuka. Tuliigawa kwa sita kama zamani, ila safari hii sisi watano tulikubaliana kumrudishia mama yule fungu lake la mwezi ule wa mwisho wa lawama. Alikataa fedha. Alisema, “Kama mwataka kunilipa, siku nyingine mkiona jambo, niulizeni mimi kwanza.”

Tangu siku hiyo, kila nyumba niliyohamia nimeingia na kikopo kidogo chenye vipira viwili, tepu na bisibisi. Nawe, ndugu msomaji, usiku wa leo, redio ikishazimwa na watoto wakishalala, simama kidogo mlangoni pa bafu usikilize. Ukisikia kitu, kesho usitafute wa kumlaumu. Tafuta chupa ya lita moja na saa.